Mashine Iliyomaliza Ugomvi Wetu Bila Ruhusa

Mzee Dionizi (Baba Klementina),
Kitongoji cha Tulieni,
Nyuma ya tanuri la matofali, njia ya Kasekese.
Alhamisi, baada ya chai.

Ndugu Mwenyekiti wa Kitongoji
(na mpwa wangu Ernestine, kama yuko karibu naye asomewe),

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MASHINE YA KUPIGILIA NGUZO, AMBAYO IMEMALIZA UGOMVI WANGU NA SHEMEJI YANGU BILA KUTUULIZA WENYEWE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kama umekiruka rudi ukisome, maana nimekiandika kwa herufi kubwa na wino umeniishia karibu nusu.

Nimeamua kukuandikia kiofisi badala ya kuja nyumbani kwako kwa sababu nyumbani wewe ni mpwa wangu. Nikianza kufoka utanipa chai, nitasahau nilichojia. Ofisini wewe ni Serikali, na Serikali mtu anaweza kuilalamikia akiwa amekaa kwake, miguu ameinyoosha.

Kwa faida ya yeyote atakayeifungua barua hii kabla yako, maana ofisi yako haina kufuli, nitaeleza tangu mwanzo. Shamba langu limepakana na la shemeji yangu Telesphor. Telesphor ni baba yako mzazi, na alimuoa dada yangu Skolastika, ambaye ni marehemu mama yako. Mpaka wetu tangu zamani ulikuwa vigingi vya miti vinavyofika magotini. Msimu wa kulima ukikaribia, kigingi kimoja kilikuwa kinatembea. Mwaka huu kinatembea kwenda kwake, mwaka ujao kinakuja kwangu. Sisemi nani alikuwa anakitembeza. Vigingi vya Tulieni vina miguu, kila mtu anajua. Asubuhi yake aliyepunjwa anachukua jembe begani, anakwenda kusimama uani kwa mwenzake na kumuita mwizi kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kalavati. Mwizi anatoa kigoda, anamkaribisha mlalamikaji, wanatukanana mpaka uji unaiva. Wakishindwana, kesi inakuja kwako siku ya Jumatano. Huo ndio ulikuwa utaratibu. Mashemeji wengine wanataniana kwa maneno matupu, sisi utani wetu ulikuwa na vigingi.

Halafu ikaja mashine. Ilikuja kwa ajili ya daraja la mtoni, na hapo sikuwa na neno. Magogo ya daraja yalizama kwenye tope kama kijiko kwenye uji mzito. Lakini daraja lilipokwisha, wewe Ndugu Mwenyekiti ulisimama mkutanoni ukasema kwamba kwa kuwa chombo bado kiko kwetu, kipite pia kwenye mpaka wa wazee wawili wanaoaibisha kitongoji. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Nilidhani ni wazee wengine.

Kwa asiyeijua, mashine yenyewe ni mkokoteni wa magurudumu manne unaovutwa na maksai. Juu yake fundi mmoja wa kuchomelea amesimamisha vyuma viwili virefu kama milingoti ya goli, na katikati kuna pande la chuma zito kama fahali aliyelala. Injini ya mashine ya kusaga inalivuta pande hilo juu kwa kamba ya waya. Likifika kileleni, Deo mwenye mkokoteni anaachia, nalo linashukia kichwa cha nguzo: du. Nguzo inaingia ardhini bila kubishana. Hapo ndipo nilipoanza kuichukia. Kitu kinachokubali bila kubishana hakifai kukaa katikati yangu na Telesphor.

Sasa malalamiko, kwa namba kama tulivyofundishwa.

1. Kuku. Mama Klementina ana kuku mwekundu ambaye alikuwa ametamia nyuma ya ghala. Kila mara mashine ilipogonga, kuku alisimama. Ikinyamaza, anakaa. Du, anasimama. Kwa muda wote wa kazi ile kuku yule alikuwa kama muumini kwenye misa ndefu. Vifaranga vimeanguliwa salama, sikatai. Lakini ukidondosha kitu chini, hata mwiko, vyote vinasimama wima na kukutazama, vinasubiri kingine. Naomba bwana mifugo aje atuambie kama huu ni ugonjwa au ni malezi.

2. Neno nguzo. Mwaka jana ulinishika bega mbele ya watu ukasema, "Huyu mzee ni nguzo ya kitongoji chetu." Nikafurahi, nikalitangaza mpaka Mpanda mjini. Safari hii ukasema, "Nguzo zote zitapigiliwa moja baada ya nyingine, hakuna itakayoachwa." Mimi ni mtu wa darasa la nne la zamani, nikiambiwa kitu nakishika. Siku Deo alipopita mbele ya nyumba yangu na mkokoteni wake, alinitazama utosini, halafu akatazama chuma chake juu, halafu akanitazama tena. Nikavaa sufuria. Nimelima na sufuria kichwani wiki nzima, na Mama Klementina amechemsha maharage kwenye birika. Ofisi itoe tangazo la maandishi kwamba kuna nguzo za mti na nguzo za heshima, na kwamba za heshima hazigongwi.

3. Jina la mashine. Shemeji ndiye aliyeipa jina la Mama Mkwe. Alisema inakuja polepole juu ya mkokoteni, ikifika haisalimii, inakugonga kichwani, na haiondoki mpaka umenyooka. Watoto wakaliandika jina hilo kwa chaki ubavuni mwa mkokoteni. Sasa hebu Ndugu Mwenyekiti fuatilia ukoo. Mama mkwe wa Telesphor ni nani? Ni mama yangu mzazi, ambaye kwako wewe ni bibi. Mama yule alimlisha Telesphor siku alipokuja kuchumbia amevaa viatu vya kuazima, vimempwaya, anatembea kama bata, na mama akajifanya havioni. Malipo yake ndiyo haya ya chaki. Kwa kawaida tusi la namna hiyo ningelijibu palepale kwa kumtaja bibi yake na yule mbuzi wake. Nilifungua mdomo, mashine ikagonga. Nikafungua tena, ikagonga tena. Jibu langu limebaki tumboni mpaka leo na linanisumbua kuliko maharage ya birika.

4. Hili nimelifuta. Mama Klementina amefika la saba, amelisoma, amesema si la kumwandikia mtoto wa kike hata kama ni Serikali.

5. Nguzo hazing'oki. Nilijaribu kung'oa moja. Usishtuke, ilikuwa utafiti. Nilitaka kujua kama amani uliyotuletea ni imara. Ni imara. Nguzo haikusogea, kilichosogea ni kiuno changu. Nikiwa nimeikumbatia pale, natafuta namna ya kujinasua bila kuonekana, nikatupa jicho kule mbele nikamuona shemeji naye amekumbatia ya kwake. Tukatazamana. Zamani ningemuita mwizi, yeye angeniita mchawi wa mahindi, na siku ingekuwa imeanza. Safari hii alisema tu, "Imekaza, shemeji." Nikamjibu, "Imekaza." Kila mtu akarudi kwake. Katika maisha yangu sijawahi kuzungumza na Telesphor maneno machache kiasi kile. Hata siku ya kumzika dada yangu tulizozana vizuri tu, juu ya nani alitakiwa kuleta turubai.

6. Mlango. Waya wa uzio uliofungwa kwenye nguzo umetoka barabarani mpaka mtoni na hakuna mlango hata wa kupita mbuzi. Nikitaka kwenda kwa shemeji, ambaye namsikia akikohoa, inabidi nizunguke mpaka kalavati, nipite kwa Katekista Osward ambaye lazima anisimamishe aniulize mara ya mwisho nilionekana lini kanisani, nimdanganye, ajue nimemdanganya, ndipo nishuke tena. Nikifika nimeshasahau nilikuwa nimekasirikia nini. Hasira ya umri wangu haivumilii mwendo.

7. Usalama na uchumi wa kitongoji. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Kila Jumatano sisi wawili tulikuwa tunaleta kesi ofisini. Kesi ilihitaji lile benchi refu. Benchi liliita wasikilizaji, na wasikilizaji walihitaji chai na maandazi ya Aneth. Tangu kesi iishe, benchi limelaliwa na mbuzi, na Aneth amefunga jiko amerudi kulima. Pasipo chai bodaboda hawasimami. Wasiposimama, mgeni akiuliza Tulieni iko wapi anaambiwa tumeshaipita. Mahali ambapo kila mtu anapapita panaitwa pori, na pori kwa mkoa wetu huu wa Katavi lina wenyewe. Kwa hiyo kwa hesabu zangu mashine ile imetuletea tembo. Hawajafika bado. Wako njiani.

Na wewe badala ya kuliona hilo, umeupiga picha uzio ukauweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na maneno "Hatimaye amani." Klementina aliniletea simu nikaona. Watu wameweka mikono ya kushukuru kuanzia Sumbawanga mpaka Tabora. Hakuna hata mmoja aliyetuuliza sisi wenye vita.

8. Hili ndilo lililonifanya nitafute kalamu, hayo mengine nimeyaongeza ili barua isiwe fupi.

Jumanne shemeji alisimama kwenye waya akaniita. Nikaenda mbio, nikidhani ni matusi. Akasema, "Shemeji, jogoo wangu nakuachia wewe. Jumamosi Japhet anakuja na guta kubeba godoro. Nakwenda kukaa kwake Majengo, mjini." Nikamuuliza kuna nini Majengo. Akasema kuna umeme, kuna televisheni. Nikamuuliza, na hapa kuna nini. Akaishika ile nguzo kama mtu anayepima homa, akasema, "Hapa kesi imekwisha."

Kaka yako Japhet ni kijana mzuri na nyumba yake ina vigae, mguu unateleza kwa raha. Lakini kule nani atamgombeza baba yako? Japhet atamwambia shikamoo na kuondoka kwenda kazini. Mkewe atamuwekea chai kwenye chupa na kumwambia, baba pumzika. Mtu wa umri wetu ukimwambia pumzika kila siku, mwishowe anapumzika kweli.

Mama yako alikuwa anaifahamu kazi ya kumuamsha Telesphor kwa maneno. Mimi mwenyewe nilikuwa namsikia kutoka huku, na siku nyingine nilikuwa namuonea shemeji huruma. Matanga yake yalipoanuliwa na watu wakatawanyika, asubuhi nilimuona baba yako amekaa mlangoni. Jua limepanda, jembe limeegemea ukuta, hajaligusa. Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa. Ndipo kigingi kikasogea. Akaamka pale mlangoni, akaja na jembe begani, akaniita mwizi mpaka Osward akatoka nje. Akanywa na uji, mabakuli mawili. Nimesema vigingi vya Tulieni vina miguu. Kile cha asubuhi ile kilikuwa na miguu yangu.

Kwa hiyo Ndugu Mwenyekiti naomba ofisi yako ichague moja kati ya haya, kabla ya guta la Jumamosi:

(a) Mashine irudishwe ing'oe nguzo zote ilizopigilia. Kama haijui kung'oa, ifundishwe. Mimi nimefundishwa kutumia simu ya kupapasa nikiwa na umri huu.

(b) Ikishindikana, ipigilie nguzo moja, moja tu, mahali pasipo sahihi. Sichagui upande. Niko tayari kuonewa mimi, hata kwenye matuta yangu ya karanga, mradi tu mmoja wetu apate sababu ya kuamka.

(c) Na hilo likishindikana, nami nihamishiwe Majengo, chumba kinachopakana na cha shemeji, ukuta mmoja, na tupewe vigingi.

Nakutakia uongozi mwema, lakini usiwe mwema kupita kiasi. Umsalimie mumeo, uwasalimie watoto, umsalimie Aneth umwambie namkumbuka yeye na maandazi yake pia. Deo msalimie kwa mbali. Maksai wake wasalimie kwa karibu, wao hawana kosa, wanavuta tu wanachofungiwa. Mama Klementina anakusalimia na anauliza bakuli lake la bluu. Kuku mwekundu yupo, anasimama.

Ni mimi mjomba wako, mwananchi mtiifu kwa kiasi,
Dionizi.

NYONGEZA, Jumamosi mchana.

Barua hii ilikuwa bado imo kwenye mfuko wa koti kwa sababu bodaboda hawasimami, rejea lalamiko namba saba. Naona Mungu naye alikuwa ameushikilia ule mfuko. Usiifanyie kazi barua hii. Naondoa malalamiko yote isipokuwa la kuku.

Guta lilifika asubuhi. Godoro likapakiwa, na kiti, na ile picha ya mama yako. Mimi nilikuwa nimesimama upande wangu wa waya nimeshika jogoo kama mtoto mgonjwa, mpaka Mama Klementina akataka kuniitia mganga. Baba yako akasema anapita kuliaga shamba. Akaenda taratibu, mikono mgongoni, akiigusa nguzo moja moja, mpaka nguzo ya kona kule kwenye kichuguu. Akasimama. Akarudi nyuma. Akapima kwa hatua, akapima tena kwa mpini wa jembe. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mashine ije: "We Dionizi. We mwizi wa kutumia injini."

Nguzo ya kona imeingia kwenye shamba lake upana wa kitanda. Anasema nilimhonga Deo jogoo. Nikamuonyesha jogoo, huyu hapa, tena ni wako, nimhonge vipi mtu jogoo wa shemeji. Akasema ndiyo maana wizi wenyewe ni mara mbili. Akazunguka mpaka kalavati akija kwangu, akampita Osward bila hata kumwamkia, na alipofika uani hasira ilikuwa nzima, haijapungua hata kidogo. Alipotupa jembe chini, vifaranga vyote vilisimama. Nikatoa kigoda. Sasa hivi ninavyoandika yuko hapa, anakunywa uji na kunitukana kwa zamu. Japhet ameshusha godoro. Baba yako amemwambia hawezi kuhama kesi ikiwa hai.

Kwa hiyo ile mashine ni nzuri. Ni mashine ya maendeleo. Nguzo zibaki zilipo, hasa hiyo ya kona, na atakayekuja na kamba ya kupimia apite kwanza kwenye jembe langu. Zamani kigingi kilikuwa kinarudishwa na ugomvi unapoa. Hii hairudi, hata waje maksai ishirini, na kesi hii haitaisha mpaka tuishe sisi. Mlango nao usiuweke. Nimeona mwendo unamfaa, na mimi nikijizoeza nitafika kwake na hasira yangu.

Ombi (b) naona lilitekelezwa kabla sijaliandika. Sijawahi kuiona Serikali yenye mbio hizo. Deo alipokuja kuangalia kelele, nikamvuta pembeni nikamuuliza ilikuwaje akosee kona wakati kamba ya kupimia ilikuwa imenyooka. Akajikuna, akasema ncha ya kule kwenye kichuguu uliishika wewe mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti, na hukutaka kusaidiwa. Kichuguu kile mama yako alikuwa anakulaza kivulini mwake akipalilia. Mpaka ule unaujua kuliko sisi tunaougombania. Nimeichukua tena simu ya Klementina nikaitazama ile picha yako ya amani, na nimeona imekatwa kabla ya kufika kona.

Baba yako sitamwambia. Jumatano nakuja kushtakiwa. Mfukuze mbuzi kwenye benchi, mwambie Aneth aanze kukanda unga, na waje mashahidi wa kutosha, maana lile jibu la bibi yake na mbuzi wake nimelitunza tumboni na sasa hakuna injini ya kunizuia.